Kenyatta kati ya msalaba na mugumo

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo hazipatani. Ya kwanza yasema mwacha mila ni mtumwa. Ya pili yasema njia mbili zilimshinda fisi. Huku Bongwe, katika viunga vya Diani, mimi huzisikia zote mbili kila mtu anapofiwa, anapooza mtoto wake au mvua inapochelewa. Mmoja hudai kwamba aliyebatizwa hana ruhusa tena ya kumwaga tembo chini kwa ajili ya babu zake. Mwingine humjibu kwamba aliyewasahau babu zake hana hata jina la kubatiziwa. Ubishi hauishi, na kila mmoja huenda zake na methali yake.

Swali lenyewe ni zito kuliko ubishi huo. Je, Mkristo aweza kuishika imani yake na papo hapo akaishika dini ya jadi ya watu wake, ile ambayo wamishonari waliiita upagani, pasipo kuikosea mojawapo? Sina nia ya kulijibu kwa kupambanisha aya za Biblia. Kazi hiyo ina wenyewe. Nataka kulitazama kupitia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halihitaji kutambulishwa, na ambaye siku yake ya mwisho duniani aliitumia papa hapa Kwale. Namkusudia hayati Mzee Jomo Kenyatta.

Habari za siasa zake zimesimuliwa hata watoto wa shule wanazijua kwa moyo. Habari za dini yake husimuliwa kwa nadra, na zinaposimuliwa kila upande humvutia kwake. Wapo wanaomhesabu kuwa Mkristo kwa sababu alibatizwa na akaombewa na maaskofu siku ya maziko yake. Wapo wanaomhesabu kuwa kuhani wa Kirinyaga kwa sababu ya usinga, mkufu na kofia ya shanga. Mimi naona kwamba pande zote mbili zinapokonyana mtu ambaye hakuwahi kuwa wa upande mmoja.

Kamau, kama alivyoitwa utotoni, alizaliwa Gatundu, Kiambu, katika miaka ya 1890 au karibu na hapo. Baba yake, Muigai, alifariki mapema, na kijana akalelewa na baba mdogo, Ngengi. Lakini aliyemfinyanga hasa alikuwa babu yake, Kung'u wa Magana, mganga na mwaguzi aliyeheshimiwa. Kamau alimfuata mzee huyo katika safari zake akimbebea mkoba wa dawa, akayaona mambo ambayo mtoto wa kawaida hakuruhusiwa kuyaona: namna ya kumtuliza mgonjwa, namna ya kusema na wazee waliokwisha kufa, namna ya kuomba mvua chini ya mti wa mugumo. Baadaye, akiwa mtu mzima na msomi, aliandika kwamba alishiriki ibada ya namna hiyo alipokuwa mdogo, na mvua ikawanyeshea kabla moto wa sadaka haujazimika. Hakuliandika jambo hilo kwa kejeli.

Ni muhimu tulishike hilo. Kijana aliyefika katika misheni ya Kanisa la Uskoti, Thogoto, mwezi wa Novemba mwaka 1909, hakufika akiwa chungu kitupu kinachongoja kujazwa. Alifika na elimu ya babu yake. Hapo misheni alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na akatibiwa na daktari wa misheni. Mwaka 1913 alitahiriwa kando ya kijito cha Nyongara kama ilivyowapasa vijana wa rika lake. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 akabatizwa. Katika muda wa mwaka mmoja hivi mwili ule ule ulipita chini ya kisu cha wazee na chini ya maji ya kanisa, na hakuna ushahidi kwamba yeye aliona kioja chochote.

Hata jina lake la ubatizo lina kisa. Inasimuliwa kwamba alitaka kuitwa Yohana na Petro kwa pamoja, yaani John Peter. Wamishonari wakamwambia achague jina moja. Kamau hakuchagua, alitafuta njia. Kwa kuwa Petro maana yake ni mwamba, akaliunga jiwe na Yohana kwa Kiingereza, akatoka na Johnstone. Kanisa likapata jina moja lililolitaka, naye akabaki na majina yake mawili. Atakayekisoma kisa hicho kwa makini atayaona maisha yote ya mtu huyu kwa ufupi.

Baada ya hapo alikaa kwa muda huko Narok, kwa jamaa zake Wamaasai, akiepuka kazi ya lazima wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa ndio uliompa jina la Kenyatta. Alipomwoa Grace Wahu alimwoa kwa desturi za Kikikuyu, na mwaka 1920 akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Peter Muigai. Wazee wa kanisa hawakuridhika. Walimwita, wakamtenga na Meza ya Bwana kwa sababu ya ulevi, na wakamtaka aihalalishe ndoa yake. Hatimaye, mwezi wa Novemba mwaka 1922, ndoa hiyo iliandikishwa kiserikali. Mke ni yule yule na nyumba ni ile ile, bali sasa ndoa ilikuwa na mashahidi wa aina mbili. Baadaye alioa wake wengine, akiwemo Mwingereza Edna Clarke mwaka 1942, na kuhusu wake wengi hakuwahi kukubali kwamba kanisa lilikuwa na neno la mwisho.

Mwaka 1928, akiwa katibu mkuu wa Chama Kikuu cha Wakikuyu, KCA, alianza kulihariri gazeti la lugha ya Kikikuyu liitwalo Muigwithania. Maana ya neno hilo ni mpatanishi, mtu anayewafanya wengine wasikilizane. Katika kurasa zake wasomi waliobatizwa na wazee wasiobatizwa walisomeana. Kenyatta aliamini wakati huo kwamba upatanisho huo wawezekana. Mwaka uliofuata ulimwonyesha jinsi ulivyo mgumu.

Hicho ndicho kisa kikubwa cha mwaka 1929, mgogoro wa tohara ya wanawake. Kanisa la Uskoti na misheni nyingine kadhaa ziliwataka waumini watie sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameiacha desturi hiyo na kwamba wamejitenga na KCA. Alama hiyo ya kidole iliitwa kirore, na neno hilo likawa jina la kuwabeza waliokubali. Maelfu walikataa. Makanisa yakabaki na viti vitupu, madarasa yakahamwa, na wimbo wa ngoma wa Muthirigu uliowakejeli wamishonari ukaenea hadi serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Mwezi wa Januari mwaka huo mmishonari mwanamke, Hulda Stumpf, aliuawa huko Kijabe. Kutokana na mfarakano huo zikazaliwa shule huru na makanisa huru, ambayo yalitaka Biblia bila ya kutaka bwana wa kuwasomea.

Naomba msomaji aitazame hoja ya wale waliotoka, kwa maana inaligusa swali letu moja kwa moja. Hawakusema kwamba wameuacha Ukristo. Walisema wameisoma Biblia wenyewe, na humo wamewaona Ibrahimu, Yakobo na Sulemani wakiwa na wake wengi na bado wakiwa marafiki wa Mungu. Isitoshe, wafasiri wa misheni walipotafuta neno la kumwita Bikira Maria walitumia muiritu, neno ambalo kwa Wakikuyu lilimtaja msichana aliyekwisha kutahiriwa na hajaolewa. Wasomaji wakauliza kwa haki kabisa: iwapo Mama wa Bwana mwenyewe ni muiritu, dhambi iko wapi? Na hata jina la Mungu katika Biblia hiyo lilikuwa Ngai, yule yule wa Kirinyaga ambaye Kung'u wa Magana alimwomba mvua. Wamishonari walioogopa kuchanganya dini walikuwa wamezichanganya tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu hakuna lugha ya kuhubiria ambayo haijawahi kuomba kwingine. Na sisi wa Kiswahili tusijione kwamba tumesalimika. Mungu wetu ni Mulungu wa Wadigo na Wagiriama aliyefupishwa.

Kenyatta wakati huo alikuwa London, alikofika mapema mwaka 1929 kupeleka madai ya ardhi. Aliporejea mwaka 1930 alikutana na viongozi wa kanisa. Msimamo wake ulikuwa wa mtu wa katikati: desturi hiyo isikomeshwe kwa amri, bali iachwe ijifie kwa elimu. Wamishonari walimwona mwoga, na vijana wa Muthirigu hawakufurahi sana.

Hapa sina budi kusema ninachoamini. Kuhusu mbinu, Kenyatta alikuwa na haki, maana amri ya kanisa iliigeuza desturi kuwa bendera ya uzalendo na ikaipa uhai mrefu zaidi. Kuhusu jambo lenyewe, hakuwa na haki, wala KCA haikuwa na haki. Wasichana waliokatwa hawakuulizwa, si na wazee, si na wamishonari. Wanaume wa pande mbili walishindania miili yao kana kwamba ni shamba la mpakani. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji, na sioni kwamba Mkikuyu yeyote amepungukiwa na Ukikuyu kwa sababu hiyo. Kumbe zipo desturi ambazo mtu aweza kuziacha na asiwe mtumwa.

Mwaka 1931 Kenyatta alirudi Ulaya, akakaa huko miaka 15. Alisoma kwa muda katika chuo cha Woodbrooke cha madhehebu ya Quaker mjini Birmingham, akaenda Moscow, kisha akasoma elimu ya mila na desturi za watu chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Matunda yake ni kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Katika picha ya mwanzo amejifunga vazi la ngozi na ameshika mkuki, na jina la Johnstone limeondoka. Mahali pake pamekaa Jomo.

Wengi hudhani kwamba katika kitabu hicho Kenyatta aliukana Ukristo. La hasha. Alifanya jambo la werevu zaidi. Aliandika kwamba Mkikuyu huabudu Mungu mmoja, Ngai, na kwamba wale waliokufa haabudu bali hushirikiana nao, kama mtoto anavyomtengea baba yake chakula. Aliutenga uhusiano wa mtu na Mungu na uhusiano wa mtu na wazee wake, kisha akaiacha hoja hiyo mbele ya wasomaji wa Kizungu waamue wenyewe upagani uko wapi. Mtu aliyezoea kuwaombea marehemu au kuwasha mshumaa mbele ya sanamu ya mtakatifu asingepata jibu rahisi.

Katika kitabu hicho hicho alieleza habari za Watu wa Mngu, kundi la manabii wa Kikikuyu waliojulikana pia kama Arathi. Waliishika Biblia, wakadai kupokea Roho, na walipoomba waliinua mikono wakiuelekea Mlima Kenya. Hao walikuwa wachanganyaji wa kweli, na walilipa kwa damu: mwaka 1934 polisi waliwaua watatu kati yao katika msitu wa Ndarugu. Kenyatta aliwaeleza bila ya dharau ya wamishonari, na bila ya kujiunga nao. Alikuwa mtazamaji.

Aliporejea nchini mwezi wa Septemba mwaka 1946 alikuta kwamba watu wamemchanganyia dini yeye mwenyewe. Aliongoza Chuo cha Githunguri, kilele cha shule zile huru, na Chama cha KAU tangu mwaka 1947. Katika miaka iliyofuata nyimbo zilitungwa kwa sauti za tenzi za kanisani, na mahali ambapo tenzi zilimtaja Yesu zikamtaja Kenyatta. Viapo vya Mau Mau navyo vilienea vijijini. Waliovila wengi wao walikuwa wamebatizwa, na baadhi ya Wakristo waliokataa kuvila kwa ajili ya imani yao waliuawa.

Tarehe 24 Agosti 1952, katika mkutano mkubwa mjini Kiambu, Kenyatta aliilaani Mau Mau hadharani. Hakutumia laana ya Biblia. Aliipeleka ipotelee kwenye mizizi ya mti wa mikongoe, laana ya wazee ambayo kila Mkikuyu aliielewa na ambayo hakuna mtu hulitamka neno lake kwa mchezo. Wazungu hawakuiamini laana hiyo. Tarehe 20 Oktoba hali ya hatari ilitangazwa na Kenyatta akakamatwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1953, huko Kapenguria, akahukumiwa kwa kuongoza Mau Mau. Shahidi mmoja mkuu wa serikali, Rawson Macharia, baadaye alikiri kwamba alisema uwongo.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni, iliyojinadi kuwa mlinzi wa ustaarabu wa Kikristo, ilikuwa ikiwatumia waganga na jiwe la githathi kuwatakasa watu waliokula kiapo. Nalitaja hili si kwa kuchekesha. Nalitaja kuonyesha kwamba anayekataza kuchanganya mara nyingi hukataza uchanganyaji wa mwingine tu.

Na ugonjwa huo ulimpata Kenyatta mwenyewe alipotwaa madaraka. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuwa mwanakandanda mashuhuri na muumini wa kanisa la Quaker, alianzisha katika miaka ya 1940 Dini ya Msambwa, iliyounganisha Agano la Kale na kuwaheshimu mababu wa Kibukusu. Waingereza waliipiga marufuku mwaka 1948. Ungedhani kwamba mwandishi wa Facing Mount Kenya angeilinda. Mwaka 1968 serikali yake iliipiga marufuku tena. Masinde alikuwa amefanya kwa Wabukusu kile ambacho Kenyatta alikieleza kwa fahari kuhusu Watu wa Mngu, ila sasa aliyekaa kwenye kiti alikuwa Kenyatta.

Kisha ukaja mwaka 1969. Mwezi wa Julai Tom Mboya aliuawa mjini Nairobi. Katika mwezi huo huo, tarehe 31, Papa Paulo wa Sita alikuwa Kampala akiwaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo ulio wa Kiafrika. Lakini huku Kenya maelfu ya watu walikuwa wakisafirishwa kwenda Gatundu, nyumbani kwa Rais, kulishwa kiapo kwamba uongozi wa nchi hautatoka katika nyumba ya Mumbi. Wapo Wakristo waliokataa wakapigwa. Kanisa la Presbyterian, lile lile lililombatiza Kenyatta mwaka 1914, likalalamika hadharani. Hiyo ni sura ya kusikitisha kabisa katika habari hii. Mtu aliyetumia ujana wake kuwaonyesha Wazungu kwamba dini ya babu yake ilikuwa ya Mungu mmoja na ya upendo wa jamaa, katika uzee wake aliiacha itumike kama kamba ya kuwafungia wapiga kura.

Sisi wa Kwale hatuna nafasi ya kuwacheka watu wa Gatundu. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 vijana walioapishwa katika msitu wa Kaya Bombo walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia jirani zao waliotoka bara, kutoka Likoni hadi huku Ukunda na Diani. Makumi ya watu waliuawa na maelfu wakahama makwao. Kiapo kilikuwa cha jadi. Shabaha ilikuwa uchaguzi wa mwaka ule. Msitu ambao mababu wa Kidigo waliutunza kwa ajili ya amani na mvua ukapewa kazi ya damu.

Na bado si haki kuihukumu kaya kwa Kaya Bombo ya mwaka 1997. Hapa jirani yetu ipo Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya takatifu za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni haingii humo bila ya kujifunga kaniki nyeusi, hakati mti, hachukui hata jani. Wazee wanaoitunza ni watu wa jamii ya Waislamu, na wengi huswali Ijumaa kama wengine. Misitu ya jirani isiyo na koma wa kuiogopesha imekwisha kuwa makaa na viwanja vya hoteli, hii imesimama. Mchungaji anayeiita mahali pa mashetani ana wajibu wa kutueleza ni shetani gani huyu anayetunza miti ya Mungu.

Nimefika mahali pa kutoa rai yangu. Kwanza, nasema kwamba kuchanganya si jambo la kuchagua. Kila Mkristo anachanganya, awe Mbukusu, Mkikuyu, Mdigo au Mwingereza. Mti wa Krismasi ulitoka katika misitu ya Ujerumani, si Bethlehemu. Mwingereza mcha Mungu huitaja miungu ya kale ya kaskazini mwa Ulaya kila anapotaja Jumatano na Alhamisi kwa lugha yake. Hakuna anayemwita mpagani kwa hilo, kwa kuwa amewahi sana kusahau alikovitoa. Dhambi ya Mwafrika ni kwamba bado anakumbuka.

Pili, nakiri kwamba methali ya fisi ina ukweli wake, na wachungaji wanaoishika si wajinga. Ukristo si koti la kuvaliwa juu ya kila vazi. Una neno lake moja la msingi, kwamba Bwana ni mmoja na kwamba jirani ni yeyote yule, hata Msamaria. Mahali ambapo desturi yamtaka mtu amwogope mwaguzi kuliko anavyomwogopa Mungu, au amchukie jirani kwa ajili ya ukoo, hapo njia zimegawanyika kweli, na fisi lazima achague. Mkristo wa Kwale au Kilifi anayenyamaza wakati kikongwe anauawa kwa kushukiwa uchawi hawezi kujitetea kwamba anaheshimu mila. Wala mwenzake asijitetee kwamba ameziacha mila zote. Wale zaidi ya 400 waliofukuliwa katika msitu wa Shakahola tangu mwaka 2023 hawakuuawa na mababu, waliuawa na mahubiri yaliyojidai kuwa Ukristo mtupu.

Tatu, na hili ndilo nililojifunza kwa maisha ya Mzee, kinachoamua si idadi ya dini zilizo moyoni mwa mtu, bali ni kama zinaachwa zisemezane. Kijana Kamau aliziacha zisemezane. Alipojiita Johnstone, alipohariri Muigwithania, alipoandika juu ya Ngai na wazee waliokufa, msalaba ulimuuliza mugumo maswali, nao mugumo ukauuliza msalaba. Rais Kenyatta hakuziacha zisemezane tena. Mbele ya maaskofu alikuwa mwana wa kanisa. Gatundu kiapo kikaendelea, na kila kimoja kilikaa chumbani mwake na mlango umefungwa. Huo si mchanganyiko. Huo ni utengano ulio ndani ya mtu mmoja, na nchi nzima hulipa gharama yake.

Tarehe 21 Agosti 1978 Mzee alikuwa Msambweni, katika hafla na wananchi wa Kwale. Usiku ule alirejea Ikulu ya Mombasa, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 22 akafariki. Alizikwa tarehe 31 Agosti mjini Nairobi, katika uwanja wa Bunge, viongozi wa makanisa wakiongoza maombi mbele ya wakuu wa mataifa. Hakuzikwa Gatundu kwenye ardhi ya baba zake, jambo ambalo Kung'u wa Magana angalipata taabu kulielewa. Kaburi lake ni la mawe, lina walinzi, na raia hawalifikii bila ya kibali.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Bongwe wanapobishana tena juu ya tembo la babu na maji ya ubatizo, jibu langu kwao ni moja. Mwageni, kama dhamiri zenu zawaruhusu, lakini mwageni mchana, mchungaji akiwapo na mzee wa kaya akiwapo, na kila mmoja awe huru kuuliza na huru kukataa. Linalohitaji giza, au linalohitaji mtu kulazimishwa, si la Kristo wala si la mababu, hata likivaa vazi la nani.